Kirusi, Zizi na Sauti ya Ayeeyo

Wahenga walinena kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi nyoka aliniuma siku chache kabla ya mfungo wa Ramadhani mwaka 2023, mjini Garissa, ndani ya duka dogo la huduma za tarakilishi nililoingia kuchapisha kurasa 12 za pendekezo langu la utafiti. Nilimkabidhi kijana wa duka flashi yangu, akaichomeka, akachapisha, nikalipa, nikashika njia. Jioni nilipoichomeka flashi ile ile katika tarakilishi ya nyumbani, moyo ulinilipuka. Makabrasha yote niliyoyajua kwa majina yalikuwapo, lakini kila moja lilikuwa limechorwa kijishale pembeni, na kila moja lilikuwa na ukubwa ule ule wa kilobaiti mbili. Kabrasha la pendekezo, kilobaiti mbili. Kabrasha la picha za arusi ya dada yangu, kilobaiti mbili. Kabrasha lililoitwa "Ayeeyo", ambalo ndani yake mlikuwa na kanda 23 za sauti, kilobaiti mbili.

Ayeeyo ni nyanya kwa lugha ya Kisomali. Wangu mimi alizaliwa, kwa hesabu yake mwenyewe, katika mwaka wa ukame ambao hakuna karani aliyeuandika popote, akaishi baina ya Garissa na Balambala, kando ya mto Tana, hadi Mwenyezi Mungu alipomchukua mwaka 2021. Mnamo Desemba 2019 nilikaa naye majuma matatu nikimrekodi kwa simu. Alinisimulia habari za Dhegdheer, yule mwanamke mla watu mwenye sikio refu linalosikia nyayo za mbali. Akanisimulia Araweelo, malkia aliyewatia wanaume adabu. Akanisimulia vituko vya Igaal Shidaad, mwoga mashuhuri wa ngano za Wasomali, na kila alipofika kwake alicheka hata shungi ikamteleza. Ngano hizo ndizo nilizokusudia kuzifasiri na kuzichambua kwa Kiswahili katika tasnifu yangu.

Zilikuwapo pia kanda tatu ambazo hazikuwa ngano. Humo alieleza aliyoyaona kwa macho yake, hususan moto wa Bulla Kartasi wa Novemba 1980, ambao Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliutaja katika taarifa yake ya mwaka 2013. Kabla ya kuyasema hayo aliniuliza mara mbili kama simu imefungwa isiende kwa watu. Kisha akanipa sharti: wageni wasiyasikie maneno yale ila kwa idhini ya mama yangu.

Najua msomaji ananiuliza kimoyomoyo: nakala ya pili iko wapi? Haikuwapo. Simu niliyorekodia ilitumbukia katika ndoo ya maji mwaka 2020, nami sikuwa nimenakili popote pengine. Sina la kujitetea. Waalimu wetu hutufunza kukusanya data, kuinukuu na kuichanganua, na aghalabu hakuna anayetufunza kuihifadhi.

Kesho yake nilirudi dukani. Kijana yule alinisikiliza kwa upole, akatikisa kichwa kama tabibu aliyeuzoea ugonjwa. "Hiyo ni virusi, dada. Fomati tu. Ukifomati inakuwa safi." Kufomati, kwa asiyejua, ni kuipangusa flashi yote isibaki kitu kinachoonekana. Alikuwa mkweli: flashi ingekuwa safi, mithili ya nyumba iliyochomwa inavyokuwa haina kunguni. Niliporejea chuoni, mbali na nyumbani, nilimpelekea fundi mmoja wa maabara. Yeye hakuigusa kamwe. Alinitazama hijabu, akaitazama flashi, akasema flashi za kutoka huko kwenu zina magonjwa sana. Sidhani alikusudia kuniumiza. Lakini maneno "huko kwenu" yalinikaa kooni hata usiku.

Mwenzangu mmoja darasani alinishauri nipakie mafaili yale katika tovuti ya VirusTotal, huduma iliyoanzia Uhispania mwaka 2004 na kununuliwa na Google mwaka 2012, ambayo hulipitisha faili mbele ya makumi ya programu za kukinga virusi kwa mara moja. Wazo halikuwa baya. Ila nilimpigia simu kwanza binamu yangu, mzaliwa wa Wajir, aliyesomea tarakilishi na ambaye huishi kwa kuzitengeneza. Alinizuia palepale.

"Abaayo, kinachopakiwa huko hakirudi," alisema. "Faili hugawiwa makampuni ya usalama na watafiti waliojiandikisha. Unataka ayeeyo asikilizwe na watu hao?"

"Basi nifanyeje?"

"Usiifute, na usiifungue. Tuitie zizini kwanza."

Alilisema neno hilo kwa mzaha wa wafugaji, nami nikalielewa bila ya kufafanuliwa. Mwishoni mwa mwaka 2006 nilikuwa na umri wa miaka kumi. Mvua kubwa iliigeuza nchi yetu kavu kuwa madimbwi, mbu wakazaana, na homa ya Bonde la Ufa ikaanza katika wilaya ya Garissa kabla ya kuenea kwingineko. Kirusi chake kilitambuliwa huku huku Kenya, karibu na Naivasha, mwaka 1931. Hadi homa hiyo ilipotulia mwaka 2007 watu zaidi ya 150 walikuwa wamefariki nchini. Minada ya mifugo ilifungwa, uchinjaji ukapigwa marufuku, na mji ambao soko lake la ng'ombe ni miongoni mwa makubwa Afrika Mashariki ukawa kimya kama makaburini. Awoowe, yaani babu yangu, alikuwa na mbuzi wachache. Mbuzi yeyote aliyetupa mimba au kukataa malisho alitengewa kijizizi cha miiba, mbali na wenziwe. Hakumchinja wala hakumwachilia. Alikuwa akikaa nje ya miiba, bakora mkononi, akimtazama siku nzima: anakunywa? anacheua? anatoka damu puani? Mbuzi wawili walikufa mle. Mmoja alitoka mzima, akazaa tena.

Binamu alikuja chuoni Ijumaa moja akiwa na tarakilishi kuukuu ya mkobani, iliyokosa vitufe viwili. Mle ndani hapakuwa na Windows bali Linux, na programu zote alizozitumia zilikuwa programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake umewekwa wazi ili mtu yeyote ausome, aurekebishe na kuugawa. Nilidhani alizichagua kwa kuwa ni za bure, maana maabara za kibiashara za kazi hii hutoza fedha ambazo mwanafunzi wa kutoka kwetu hawezi hata kuziota. Akasema ubure ni jambo la pili. La kwanza ni kwamba anayechunguza kitu cha hila kwa chombo asichoweza kukifungua akione ndani, anaongeza shaka juu ya shaka.

Kwanza hakuifungua flashi. Aliiunganisha kwa namna ya kusomwa tu, isiandikwe neno, akachukua nakala yake nzima, biti kwa biti, kwa amri fupi ya herufi mbili iitwayo dd. Tangu hapo flashi yenyewe iliwekwa bahashani, nasi tukawa tunaishughulikia nakala. Kisha akaipatia nakala ile alama ya kidole: hesabu iitwayo SHA-256, ambayo hulisaga faili lolote, liwe la ukurasa mmoja au la saa tatu za sauti, likatoka mfuatano wa tarakimu na herufi 64. Ikibadilika nukta moja ndani ya faili, mfuatano wote hugeuka. Niliupenda ufundi huo. Tungekuwa nao katika uhakiki wa matini, hoja nyingi kuhusu miswada ya tenzi zingekwisha kabla ya chai.

Ndipo akalifungua kabrasha la nakala, na mimi nikapiga ukelele uliomfanya jirani wa bweni abishe mlango. Kanda zote 23 zilikuwapo! Kirusi hakikuwa kimezila. Kilikuwa kimezibandika tu alama ya kufichwa, ambayo Windows huitii na Linux haiijali. Mahali pa kila kabrasha kilikuwa kimeweka njia ya mkato yenye jina lile lile, na anayeibofya kwa kudhani anafungua kabrasha lake huwa kwanza anakiamsha kirusi, kisha ndiyo anaonyeshwa kabrasha, asishuku lolote. Ayeeyo alikuwa ndani ya nyumba muda wote ule, amefunikwa shuka tu. Lau ningalimtii yule kijana wa dukani, ningalimzika mtu aliye hai.

Mtu mwingine angaliishia hapo. Angalinakili kanda zake, akashukuru, akalala. Binamu alikataa, nami nilikuwa na sababu yangu ya kukubaliana naye. Kanda ya 9, ile ya Igaal Shidaad, ilikuwa imekatika katikati. Nikaapa kwamba kirusi ndicho kilichoikata, na nikataka kukiona kikitenda.

Sasa tukaingia katika zizi lenyewe. Ipo programu huria iitwayo VirtualBox, iliyowekwa wazi mwaka 2007, ambayo hujenga tarakilishi ndani ya tarakilishi: mashine dhahania yenye diski yake, kumbukumbu yake na Windows yake, isiyojua kuwa inaishi ndani ya nyingine. Binamu aliijaza vitu vya uongo, barua za uongo, picha za mbuzi, na mafaili matano ya sauti aliyorekodi mwenyewe akihesabu moja hadi mia. Kila faili akalitwaa alama ya kidole. Kisha akaichukua mashine ile "picha ya hali", ili baada ya jaribio airudishe ilivyokuwa kwa kubofya mara moja, kama kwamba hapakuwahi kutokea jambo. Mwisho akakata mtandao. Hakukiachia kirusi upweke mtupu, kwa maana virusi vingi vikijiona viko peke yao hujilaza vikangoja. Aliweka programu huria nyingine, INetSim, inayojifanya kuwa intaneti: ukiita, inaitika, ukiomba ukurasa, inakupa ukurasa wa uongo.

Kabla ya kukiamsha tulikisoma. Nilidhani hatua hii ni ya wanasayansi, kumbe ni uhakiki. Kwa programu ndogo iitwayo strings, ambayo hutafuta maneno yanayosomeka ndani ya faili lolote, tuliona njia ya mkato ikiamuru faili jingine liamke, faili lenye jina linaloishia kwa herufi vbs. ClamAV, programu huria ya kukinga virusi iliyoanzia Poland mwaka 2002, ililitambua kuwa baya. Lakini kubandikwa jina si kufahamika. Tulipolifungua faili lenyewe tulikuta msimbo uliovurugwa makusudi, majina ya vijenzi yakiwa vurugu tupu la herufi, sentensi zikiwa zimegeuzwa tarakimu. Aliyeuandika aliogopa kusomwa. Binamu aliuchambua polepole hadi akaukuta mwili wake, akasema ni wa ukoo unaofahamika tangu mwaka 2013, unaoitwa H-worm na wengine Jenxcus. Wataalamu huuita mnyoo badala ya kirusi, kwa kuwa hutambaa wenyewe kutoka flashi hadi tarakilishi, na kutoka tarakilishi hadi flashi nyingine. Umri wake ulinishangaza. Miaka kumi ulikuwa ukizunguka madukani, ukiishi kwa kutojali kwetu na kwa tarakilishi kuukuu ambazo hazijasasishwa.

Kisha tukaibofya njia ya mkato ndani ya zizi, tukaketi nje ya miiba.

Kwa muda hapakuwa na kitu. Halafu Wireshark, programu huria inayonasa kila kinachopita katika mtandao na ambayo hadi mwaka 2006 ilijulikana kwa jina la Ethereal, ikaanza kuandika. Mnyoo ulikuwa ukiita jina la mashine fulani ya mbali. INetSim ikaitika kwa sauti ya uongo. Mnyoo ukajitambulisha kwa bwana wake: jina la tarakilishi hii, jina la mtumiaji, aina ya Windows, kinga iliyopo. Kisha ukangoja amri. Baada ya sekunde chache ukaita tena. Na tena. Tuliuacha dakika 40, nao haukuchoka. Amri ambazo msimbo wake ulikuwa tayari kuzipokea tulikwisha kuzisoma: kuleta faili na kuliendesha, kutuma faili kwa bwana, kuorodhesha makabrasha, kujifuta. Tulipochomeka flashi mpya ndani ya zizi, ilifichwa makabrasha yake na kupigwa vijishale mbele ya macho yetu.

Kazi ya namna hii inaweza kuachiwa chombo kiifanye chenyewe. Mwaka 2010, katika Google Summer of Code chini ya mradi wa Honeynet, Claudio Guarnieri alianzisha mfumo huria uitwao Cuckoo, jina la ndege yule anayetaga katika kiota cha mwenziwe. Mfumo huo huliingiza faili katika mashine dhahania, ukaliendesha, ukaandika taarifa ya yote lililotenda, kisha ukaifuta mashine na kuanza upya. Wapo waliourithi na kuuendeleza, kama vile CAPE. Binamu anaufahamu, lakini tarakilishi yake isingeuhimili. Nilifurahi, kwa sababu niliona mwenyewe.

Nini kilichonitisha? Si flashi yangu. Ni lile duka. Kwetu watu hawaendi dukani kuchapisha mapendekezo ya utafiti tu. Huenda huko kupiga nakala za vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, barua za chifu, hati za mikopo ya elimu ya juu, na kujaza fomu za serikali kwa sababu nyumbani hakuna tarakilishi. Mkazi wa Kaskazini Mashariki anajua kitambulisho kina uzito gani. Kwa miaka mingi kijana wa kwetu aliyeomba kitambulisho alisailiwa na kamati ambayo kijana wa mkoa mwingine hakuiona, hadi utaratibu huo ulipotangazwa kufutwa Februari 2025. Mama yangu bado anayo kumbukumbu ya mwaka 1989, wakati Wasomali wa Kenya walipochujwa na kupewa kadi za ziada za kuthibitisha kuwa ni raia. Hati zilizopatikana kwa jasho namna hiyo zilikuwa zikilala katika tarakilishi ambayo kila baada ya sekunde chache inamwita mtu asiyejulikana.

Tulirudi Garissa wakati wa likizo, tukaenda dukani bila ya makelele. Kijana yule alidhani tumekuja kumshtaki. Binamu alimwonyesha tulichokiona, wakakaa pamoja alasiri nzima wakizisafisha tarakilishi zake nne, wakazima uwezo wa mafaili ya vbs kujiendesha, na mojawapo wakaiwekea Linux iwe ya kupokelea flashi za wateja. Hakutulipa, wala hatukumdai. Alitununulia chai ya maziwa ya ngamia.

Njiani kurudi chuoni basi letu lilisimamishwa katika kizuizi. Nimevipita vizuizi hivyo tangu nikiwa msichana wa sekondari, nami siandiki haya kwa kuupuuza uchungu wa mtu. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, wengi wao wanafunzi kama sisi tunaosoma jarida hili, na mji wetu haujaacha kuwakumbuka. Ulinzi ni haki yao na yetu. Lakini siku ile, nikiwa nimesimama kando ya barabara juani, kitambulisho mkononi, nikisubiri mwenye bunduki amalize kunilinganisha na picha yangu, nilijikuta nikijiuliza swali la kipuuzi: mimi nimo katika hatua gani? Mnyoo ule ulipewa zizi, ukapewa muda, ukatazamwa unachokitenda, ndipo ukahukumiwa kwa matendo yake. Kuna wakati mimi huhukumiwa kwa kijishale kilichochorwa pembeni ya jina langu.

Muhula uliofuata nilitakiwa kuwasilisha mada katika semina ya istilahi. Nikaona nimepata. Kwa Kiingereza mahali hapo pa kuchunguzia faili hupewa jina la kijisanduku cha mchanga ambamo watoto wa Ulaya na Marekani huchezea. Kulifasiri neno kwa neno ni kutuletea kicheko: sisi wa Garissa tuna mchanga wa kutosha kuigawia dunia, hatujawahi kuutafutia sanduku. "Karantini" nayo haitoshi, kwa kuwa kilichowekwa karantini hufungiwa tu, wala si lazima kitazamwe kikitenda. Nikapendekeza "zizi la uchunguzi". Nikaeleza mbuzi wa awoowe. Nikawakumbusha wenzangu kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilipotoa Jambo OpenOffice mwezi Desemba 2004, kilionyesha kuwa programu huria ikikutana na watu wanaoijali lugha yao yaweza kuzungumza Kiswahili, ilhali programu hizi za uchunguzi hadi leo hunijibu kwa Kiingereza kila nikosapo. Mada ilipokelewa vyema. Mhadhiri mmoja alisema neno zizi lina harufu, na kwamba istilahi yenye harufu hudumu. Nikatembea siku mbili nimevimba kichwa.

Siku ya tatu nikaanza kunukuu zile kanda tatu ambazo si ngano, kwa idhini ya mama. Kanda ya 17, dakika ya kumi na moja, ayeeyo anaeleza walivyotolewa nyumbani baada ya mtaa kuteketezwa, wakakusanywa katika uwanja, wanaume, wanawake na watoto, wakakalishwa chini siku kadhaa huku wakitazamwa. Anatafuta neno la kuuita uwanja ule. Unasikia anatafuta, kuna kimya, kuna mbuzi analia nyuma. Kisha anasema: xero. Zizi. Walitutia zizini, anasema, wakawa wanatutazama nani atakayetoka mgonjwa.

Niliisimamisha kanda, nikatoka nje.

Nimelifikiria jambo hilo tangu siku hiyo. Faili halina kiu. Mashine dhahania hurudishwa ilivyokuwa kwa kubofya mara moja, ikasahau yote. Ayeeyo hakurudishwa. Mara kwa mara nimeshawishika kuliondoa pendekezo langu la "zizi", na mara kwa mara nikalirejesha, kwa sababu awoowe aliketi nje ya miiba kwa huruma, na zizi lake pia ni kweli. Hivi sasa katika rasimu ya tasnifu nimeandika "zizi la uchunguzi" kwa wino wa penseli. Msimamizi wangu ameweka alama ya kuuliza pembeni bila ya kusema kitu. Labda wasomaji wa jarida hili watakuwa na neno lililo bora, nami nitalipokea kwa mikono miwili.

Imebaki kanda ya 9. Niliahidi kumthibitishia binamu kwamba mnyoo ndio ulioikata. Baada ya jaribio letu alichukua yale mafaili matano ya kuhesabu moja hadi mia, ambayo mnyoo ulikuwa umeyaficha ndani ya zizi, akazipima tena alama zake za kidole. Herufi na tarakimu 64, mara tano, hazikubadilika hata moja. Tena, tarehe iliyoandikwa juu ya kanda ya 9 ilikuwa ya Desemba 2019, zaidi ya miaka mitatu kabla ya flashi kuingia katika duka lile. Mnyoo ulikuwa na makosa mengi, lakini hilo halikuwa lake. Nikakumbuka jioni ya mwisho kule Balambala: gari likinipigia honi nje, nami nikaichomoa flashi kwa haraka kabla tarakilishi haijamaliza kunakili.

Ngano yenyewe inakwenda hivi. Igaal Shidaad anasafiri usiku peke yake, mara anaona mbele yake kitu cheusi kimejiinamia. Anadhani ni simba. Hathubutu kusonga mbele, hathubutu kurudi nyuma. Anaketi, anaanza kukibembeleza kitu kile, anakiahidi ngamia wake mmoja, kisha wawili. Ayeeyo anaiigiza sauti yake ya kutetemeka. Anasema usiku ukawa mrefu, kitu hakitikisiki, Igaal hafumbi jicho, na mashariki pakaanza kupambazuka, na Igaal akainua uso akaona...

Hapo kanda inakatika. Nimewauliza shangazi zangu huko Balambala kilichofuata. Wote wanakubaliana kuwa kilikuwa kisiki cha mti. Ila kuhusu Igaal alikiambia nini kisiki kile asubuhi, kila mmoja ana jibu lake, na kila mmoja anaapa kuwa hivyo ndivyo ayeeyo alivyokuwa akisema.